Picha Sita Zisizo na Mhuri

Siku yangu ya kwanza studio sikuona uso wa mtu hata mmoja. Gérant, yaani msimamizi wetu, aliniweka mezani mbele ya bunda la picha zilizolazwa kifudifudi, akanipa sponji ya wino na mhuri tuliouita kashe. Kazi yangu ilikuwa kugonga kashe mgongoni mwa kila picha: jina la studio, mtaa wetu, na chini yake maneno ya Kifaransa yanayosema ni marufuku kunakili. Niligonga asubuhi nzima, nikizipanga moja juu ya nyingine mbio mbio, kwa kuwa tangu utotoni mimi ni mtu wa haraka, na kuketi kwangu ni adhabu. Nilipozigeuza, wino mbichi wa kila picha ulikuwa umegandia kwenye uso wa jirani yake. Maharusi wa Jumamosi walikuwa na marufuku yameandikwa kwenye paji la uso.

Gérant alikuwa mtu wa upande wa Bukavu kama sisi, tulisali parokia moja. Alizitazama zile picha, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanirudishia sponji.

"Espérance," alisema, "wino haiko na haraka kama weye. Anza tena."

Nikaanza tena. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi iliyonilisha mpaka nywele zikawa nyeupe.

Ninaandika haya nikiwa nimesimama dirishani, hapa nyumbani kwangu, mtaa wa Mabanga, Goma. Ninaandika mistari mitatu, ninakwenda jikoni, ninarudi. Wajukuu wangu husema koko, yaani bibi yao, atachimba shimo sakafuni. Ninawaandikia wao na vijana wenzao, hawa wanaopiga picha za watu ufukweni kwa simu, ambao juzi walinicheka niliposema kwamba zamani picha ilikuwa na mwenyewe. Walidhani ninasema mambo ya wazee tu.

Somo lenyewe nililipata kaunta, katika mwaka wangu wa kwanza. Kila vakansi kubwa, shule zikifungwa, wapiga picha wa mjini walishuka ziwani. Familia zilikuja kupumzika, watoto wamevaa nguo za Noeli iliyopita, na mpiga picha huwapanga mstari na maji nyuma yao. Baada ya siku mbili mteja alichukua picha yake moja. Filamu yenyewe, ile negatifu, ilibaki kwa mpiga picha, pamoja na daftari lake lenye namba ya kila negatifu, jina la mteja na mtaa anakokaa. Ukitaka picha ya pili, unarudi kwake.

Wateja wengi hawakupenda kurudi. Waliileta picha kwetu tuinakili, na tukikataa, kaunta inawaka moto.

"Uso ni yangu, mama!" mmoja alinipigia kelele.

"Uso ni yako, papa. Foto haiko yako."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mguu wake ni wa jirani. Gérant alitoka ofisini akamweleza taratibu. "Ulilipa karatasi, ndugu yangu. Jicho lenye liliona ile foto, lile hukununua. Sheria inasema ni ya fotografe, mpaka yeye mwenyewe atoe ruhusa." Hakuyasema hayo kwa kupenda sheria tu. Yeye mwenyewe, alipokuwa kijana ziwani, mwenzake alizinakili picha zake za msimu mzima na kuziuza, naye akarudi kwao mikono mitupu. Jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni.

Kutoka kaunta nilihamishiwa chumba cha giza, chini ya chef labo, mkuu wa chumba hicho, mzee wa maneno machache aliyenuka dawa hata siku ya misa. Hapo nilijifunza révélateur, dawa inayoifanya sura itokee kwenye karatasi nyeupe, na fixateur, inayoizuia isifutike. Kule ndani huruhusiwi kukimbia wala kufungua mlango, unangoja chini ya taa nyekundu huku ukihesabu sekunde. Kwangu ilikuwa jela. Chef labo alinisikia nikigongagonga vidole kwenye meza akasema, "Mama, dawa inakusikia." Mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Baadaye studio ilifungua tawi hapa Mabanga, nami nikakabidhiwa meza ya kunakili. Ninaieleza, maana leo hamwezi kuiona mahali popote. Picha ya zamani ilibandikwa kwenye ubao, taa mbili zikaimulika kutoka pembeni ili isimeremete, na kamera iliyofungwa juu yake ikaipiga picha ile picha. Ukipata negatifu mpya, unatoa nakala unazotaka. Watu walileta sura za marehemu, ndoa za wazazi, vitambulisho vilivyoloa mvua. Lakini kabla ya kuwasha taa ilikupasa kugeuza picha na kusoma mgongo wake. Ikiwa na kashe ya mpiga picha mwingine, huigusi picha ile mpaka mteja alete barua kutoka kwa mwenye kashe. Na kila nakala iliyotoka kwetu iligongwa kashe yetu na kuandikwa kwenye registre, daftari letu la kazi. Jumamosi gérant alikuja kukagua vyote viwili. Mfanyakazi mmoja wa kabla yangu alifukuzwa kwa nakala moja tu.

Sasa nifike pale ninapokwepa kufika tangu asubuhi.

Ilikuwa miaka ile ya vita, watu walipokuwa wakishuka kutoka milima ya Masisi na magodoro kichwani na kujaa kambini pembeni mwa mji. Simu za mkononi zilikuwa za matajiri. Asubuhi moja aliingia mfugaji, mtu mrefu mwenye koti zito, akatoa picha ndani ya kitambaa. Mkewe alibaki kizingitini, amejifunga kitenge kichwani, anakohoa. Katika picha alikuwepo msichana wa miaka kama tisa, amesimama ziwani, mikono imebana gauni lake.

"Mama, niko natafuta mutoto yangu," alisema. "Anaitwa Furaha. Tulipotezana mu njia wakati wa kukimbia. Unitolee foto sita kama hii. Nitapatia bashoferi, bapeleke kila kwenye banafika."

Niliigeuza. Kashe ilikuwepo, ya mpiga picha wa mtaa wa Majengo niliyemjua kwa jina. Vakansi moja shangazi wa mtoto, aliyekaa mjini, alikuwa amempeleka ziwani, na hiyo ndiyo picha pekee aliyopigwa maishani mwake. Shangazi mwenyewe alikuwa amehama, baba hakujua alikohamia.

"Papa Furaha," nilimwambia, "hii foto iko na mwenyewe. Wende ku Majengo, akuandikie barua."

"Mwenyewe ni ule mutoto," alijibu. Hakupandisha sauti.

Alikwenda hata hivyo. Saa saba alirudi: mlango umefungwa, majirani wamesema mpiga picha yuko safarini, hawajui atarudi lini. Mkewe safari hii aliingia ndani. Alisogea mpaka kaunta, akaweka kidole kando ya uso wa mtoto bila kuugusa. "Anaogopaka batu, mama," aliniambia. "Hawezi kuuliza njia."

Nilikuwa na mtoto wa umri uleule nyumbani. Nilifunga mlango wa mbele, nikawasha taa.

Hadi hapo sijutii kitu. Ningeitwa leo, ningeziwasha tena. Ninalojutia ni lililofuata, na nililifanya kwa haraka, kwa woga wa Jumamosi. Mpiga picha yule alikuwa na desturi ya kusaini kwa wino mweupe kwenye pembe ya chini. Niliikata pembe. Sikugonga kashe yetu, kwa maana ingetufanya wezi kwa maandishi. Sikuandika jina la mpiga picha wala mtaa wake kwa kalamu, maana hati yangu gérant aliijua. Kwenye registre sikuandika kitu. Nilimpa Papa Furaha picha sita, mgongo mweupe kama chumvi, nikamshika mkono.

"Usiseme zilitoka wapi. Hata bakuulize namna gani."

"Sitasema," aliniahidi. Naye alikuwa mtu wa kutimiza neno.

Picha ziliondoka na malori. Aliwaambia madereva kwa mdomo: yule ni Furaha, baba yake yuko kambini kwa watu wa Masisi. Dereva alimwambia dereva, na maneno ya mdomo yana tabia ya kudondoka njiani. Picha moja ilifika Bunagana, mpakani, ikawekwa mkononi mwa mama mmoja mwenye kibanda cha chakula karibu na forodha. Na Furaha alikuwa jikoni kwake, anaosha sahani. Yule mama alikuwa amemwokota barabarani, akamlea kama wake. Mtoto aliijua picha, akalia. Yule mama akaigeuza kutafuta kashe, kama kila mtu alivyofanya wakati ule, maana kashe ndiyo iliyokuambia uulize wapi. Hakukuta kitu. Aliwauliza madereva wiki nzima, kila mmoja akamtaja mwingine. Mtoto alijua jina la kilima chao tu, na kule hakukuwa tena na mtu. Basi akaibandika picha ukutani.

Ilikaa pale miezi. Siku moja mpiga picha wa Majengo, akiwa njiani kurudi kutoka safari nyingine ng'ambo ya mpaka, aliingia pale kula maharagwe. Aliinua macho akaiona picha yake ukutani, bila pembe. Alikasirika kwanza, kama ambavyo ningekasirika mimi. Kisha akamwona mtoto anayeleta maji. Alipofika Goma alifungua daftari lake, akapata namba, jina la shangazi na mtaa wa zamani, na jirani mmoja alijua alikohamia, naye shangazi akamtafuta kaka yake kambini mpaka akampata. Kazi yote ilimchukua siku mbili.

Kisha akaja kwangu. Alikuwa amepita studio zote zilizokuwa na meza ya kunakili, na akilinganisha karatasi aliijua yetu. Aliweka nakala ile ya Bunagana juu ya kaunta, mgongo juu.

"Ni weye?"

"Njo miye."

"Mama," alisema, "ungeniibia na jina yangu juu yake, huyu mutoto angekuwa kwao zamani."

Nilingoja aombe kuonana na gérant. Hakuomba. Alichukua nakala yake akatoka, na tangu siku ile tulipokutana barabarani alinisalimu kwa kichwa tu.

Wiki iliyofuata Papa Furaha aliingia na gurudumu zima la jibini la Masisi, limefungwa kwenye majani. Alikuja kunishukuru. Alinisimulia kwa furaha jinsi walivyomleta mtoto, jinsi alivyokuwa amerefuka, kwamba ile picha yangu ndiyo iliyomwokoa. Nikamuuliza mama yake anaendeleaje.

"Mama Furaha hakungoja," alisema. "Kile kifua kilimushinda."

Nilipokea jibini. Nilisema asante, nikasema pole, na sikusema kitu kingine chochote. Nyumbani watoto walilila wakalisifu. Mimi nilizunguka uani mpaka mume wangu akaniuliza kama nimepoteza ufunguo.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Kamera ya mezani iliondolewa, ikaja skana, kisha kompyuta, kisha kila mtu akawa na studio mfukoni. Siku ya kustaafu, gérant, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema katika maisha yake amepata mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kutoa nakala ya wizi. Watu wakapiga makofi. Nilitazama viatu vyangu. Nilitaka kukimbia, na kwa mara ya kwanza maishani miguu ilikataa.

Vijana, mnaniuliza kama sheria ile ilikuwa na maana. Ilikuwa nayo. Mtu aliyesimama juani kutwa nzima akitafuta mahali pa kumsimamisha mtoto wako ana haki juu ya alichokiona, hata kama uso ni wa mtoto wako na karatasi umeilipia. Muulizeni. Asipopatikana, na jambo ni la mtu kufa na kupona, nakilini, lakini andikeni ni picha ya nani na ninyi ni nani, kisha msubiri kulaumiwa. Lawama haziui. Mimi nilivunja sheria kwa huruma, halafu nikaificha huruma yenyewe kama mwizi, na waliolipa walikuwa wengine. Mficha uchi hazai, walisema wazee, nami nilisikia msemo huo mara mia bila kudhani unanihusu.

Papa Furaha amekwisha kufariki. Sikumwambia, na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini Furaha yupo, ana cherehani yake Majengo, ana watoto wawili. Wiki iliyopita nilichoka kuzunguka nyumba. Nilikwenda kwa miguu, nikasimama mlangoni pake, nikamweleza yote: pembe niliyoikata, kashe ambayo sikuigonga, ahadi niliyomtoza baba yake. Alinisikiliza akishona. Alimaliza mshono mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Nilipotea miezi munane," alisema. "Mama yangu alingojaka sita."

Akachukua kitambaa kingine. Hakunifukuza, wala hakuniambia niketi.