Kichwa cha Ngamia wa Banissa

Mama yangu akiuliza ninafanya kazi gani huku Garissa, humwambia ni mambo ya kompyuta, naye huridhika. Ukweli ni kwamba nalinda seva, kompyuta inayotunza picha za mifugo iliyopotea. Mtu akiokota mnyama aliyepotea, Buna au kwingineko, humpiga picha na kuituma. Aliyepotelewa hufungua simu yake, simu inaiomba seva picha kupitia mlango tunaouita API, na seva inaitoa. Basi. Mlango huo niliujenga mimi, na umenichosha kuliko kitu chochote nilichowahi kujenga.

Mwanzoni malalamiko yalikuwa ya aina moja: picha ni nzito. Mchungaji anapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, anangoja picha moja ifunguke mpaka betri inamwishia. Nikapata akili. Nikaiamuru seva ikate kila picha, ibakize kichwa cha mnyama, kisha iipunguze uzito. Mimi ni mtu wa bara. Kwetu ng'ombe tunamjua kwa uso. Picha zenyewe, zile nzima, nikazifuta, maana diski ilikuwa imejaa.

Picha zikawa zinafunguka upesi. Nilijipiga kifua hadi mwenzangu wa ofisini, mzaliwa wa hapa, akanitania kwamba sasa nimebakiza kupewa mke tu. Yeye mwenyewe hakuwa akizifungua zile picha. Ngamia wa kwao walikwisha wakati wa ukame, na hapendi kutazama wa wenzake.

Asubuhi moja akaja bibi mmoja aliyekuwa akikaa mtaa wa Galbet, hapa mjini, kwa binti yake, tangu aletwe kutoka Banissa kutibiwa mguu. Nilimwita ayeeyo, kama wajukuu wa huku wanavyowaita nyanya zao. Alikaa, akashusha pumzi, akaniwekea simu mezani. Kwenye kioo kulikuwa na kichwa cha ngamia jike.

"Bicha hii iko kichwa tu," alisema, p akiitamka b kama wengi wa huku. "Mwili iko wapi?"

Nikamwambia mwili ulikuwa mzito. Hata mimi nilijisikia mjinga.

"Ngamia yangu inafanana na hii. Ilibotea na maziwa yake. Watoto ya mwanangu kule Banissa wanakunywa hiyo, hakuna ingine. Lakini mimi siwezi aba na kichwa. Alama iko baja."

Mwenzangu ndiye aliyenieleza, huku akikwepa macho yangu. Hapa mnyama hadaiwi kwa sura. Kila ukoo una alama yake, huchomwa kwa chuma pajani au shingoni, na anayedai huitaja na kuapa. Ukiapa kwa sura ukakosea, umekula mali ya mtu, na hiyo ni haramu. Nami nilikuwa nimeficha namba ya simu ya aliyemwokota mnyama mpaka mtu abonyeze maneno "Ni wangu". Kwangu hicho kilikuwa kitufe. Kwa ayeeyo kilikuwa kiapo. Wiki tatu alikuwa ameitazama picha ile, akitamani kubonyeza, na hakubonyeza.

Nikampigia mtu wa Buna aliyeituma, nikaweka sauti ya nje ili ayeeyo asikie.

"Ile ngamia? Nilibatia maji, nikangoja mwenyewe. Mtu hakuja," alisema. "Sasa tumehama, malisho imeisha. Ngamia ya mtu siwezi hama nayo. Niliachilia, ikaenda."

"Lini?"

"Juzi."

Nikamuuliza alama. Akasema duara, na mstari chini yake, paja la kushoto.

Ayeeyo alifumba macho. "Ni yangu," alisema. Kisha akasema alhamdulillahi, kwa sauti ndogo.

Nilitaka anitukane. Ningejua pa kuuweka mzigo. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya niliyamwaga kwa mkono wangu, nikijisifu. Siku mbili tu. Kama angeliona paja mapema, ngamia wake angekuwa kamba shingoni, njiani kurudi Banissa.

Alipoinuka aliomba jambo moja tu. "Hiyo kichwa usifute."

Siku hizi seva inatoa picha nzima, na namba iko wazi kwa kila mtu. Picha zimekuwa nzito tena, na malalamiko yamerudi. Wanapiga simu, wanafoka, nami nawajibu ngojeni. Sina nguvu ya kueleza zaidi.

Hakuna aliyetuma habari za ngamia yule. Lakini kila asubuhi, nikipitia orodha ya maombi yaliyoingia, naona moja lililofika mara tu baada ya swala ya alfajiri, kutoka simu ile ile, likitaka picha ile ile. Nilikwisha kuandika seva mpya, diski mpya, kila kitu kipya, na picha hiyo nimeihamisha mwenyewe kwa mkono. Ayeeyo anaiomba, na seva inampa nilichombakishia.