Waya wa Upande wa Kushoto

Anyona alikuwa Doha, na mwajiri wake alikuwa amemnyima ruhusa. Kwa hiyo wazee wa Marani walikubaliana kwamba kifungua mimba huyo amuage mama yake, Kemuma, kupitia kompyuta, kabla udongo wa kwanza haujatupwa. Kazi hiyo alipewa Ogoti, fundi aliyemwekea mama huyo intaneti mwaka uliopita. Siku ya mazishi, ibada ikielekea mwisho, aliwasha kompyuta akakuta hakuna mtandao.

Kompyuta ilikuwa kuukuu, ikiendeshwa na mfumo wa Linux, na Ogoti akailaumu kwanza. Aliwasha upya huduma ya mtandao mara tatu. Wapi.

"Mitambo yako nayo imefiwa?" aliuliza Mzee Onyancha, shemeji wa marehemu. "Mchungaji anatazama mawingu, kijana wangu. Nusu saa, basi."

Ogoti akajilazimisha kufuata alivyofundishwa chuoni: kuanzia karibu, kwenda mbali. Kompyuta ilikuwa na anwani yake ya mtandao. Kwa amri ya kompyuta aliita ruta, kisanduku cha kugawa mtandao kilichokuwa sebuleni, ikajibu. Aliita antena ya kwenye mlingoti langoni, kimya. Basi kompyuta haikuwa na hatia. Kasoro ilikuwa katikati, kwenye waya.

Akatoka, akaufuata waya kutoka dirishani hadi ulipozama ardhini, upande wa kushoto wa nyumba. Hapo akasimama. Mbele yake lilikuwa kaburi lililochimbwa asubuhi hiyo, na kwenye kuta zake nyekundu, huku na huku, zilichungulia ncha mbili za waya uliokatwa.

Kwa mila yao, mwanamume huzikwa kulia kwa nyumba yake, mwanamke kushoto. Ogoti alilijua hilo tangu utotoni. Mwaka jana Kemuma alisimama papa hapa, kikapu cha majani chai mgongoni, akamwambia, "Ogoti, huo ni upande wangu."

"Mama, safari hiyo bado iko mbali," alimjibu akicheka, akaufukia waya papo hapo, kwa kuwa njia hiyo ilikuwa fupi.

Sasa alitoa waya mpya begini, akauzungusha nyuma ya jikoni, kando ya migomba, njia yote ndefu aliyoikwepa. Taa ya antena ikawaka. Uso wa Anyona ukajitokeza, macho yamevimba. Waombolezaji wakasogea karibu.

"Mama," Anyona alisema, "nimefika."

Anyona akiendelea kuzungumza, Ogoti alirudi kaburini, akalala kifudifudi ukingoni, akazikata zile ncha mbili hadi zikalingana na udongo, ili Mama Kemuma asilale na waya wa fundi upande wake.