Kiunganishi cha Kokushubila

Kokushubila aliinuka kutoka kwenye majani makavu yaliyotandikwa sebuleni, akakaza khanga yake, akauliza viatu vyake viko wapi. Wanawake waliokaa naye wakatazamana. Mumewe, Buberwa, alikuwa amezikwa jana yake pale kibanjani, kwenye migomba ya ukoo nyuma ya nyumba, na kijiji kizima cha Izigo kinajua kwamba mjane hatoki matangani. Jembe halishikwi, ua haufagiwi, na mfiwa hana safari.

Kagaruki, mdogo wake marehemu, akaja kusimama mlangoni. Akamwuliza, kwa sauti ya kuwafikia wazee waliokuwa nje, anakwenda wapi na udongo wa kaburi bado mbichi.

"Kazini, shemeji."

"Kazini? Au unamfuata Juliana mjini?"

Juliana ndilo jina tulilolipa gonjwa lile la Ukimwi huku kwetu, tukalitoa kwenye mashati ya magendo yaliyovuka kutoka Uganda miaka ile baada ya vita. Ndilo lililomchukua Buberwa. Kila aliyekuwa msibani alikuwa akimkagua Kokushubila mashavu na mikono, akimpimia muda uliobaki. Yeye aliwaacha wapime.

Nikueleze kwa nini hakuweza kukaa. Kokushubila alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya kuhudumia yatima mjini Bukoba. Ofisi ilipopata kompyuta, akaletwa fundi kijana kutoka Mwanza, jina lake Elieza, naye Kokushubila akamganda kwa maswali mpaka Elieza akaanza kumgawia kazi. Basi tawi la Muleba likapewa kompyuta yake na wafadhili wengine, na Kokushubila akaahidiwa kuhamia huko kuiendesha. Kumbe ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Programu ya kuandikisha yatima iliyokuwa ikienda vizuri Bukoba, Muleba haikuwaka. Ofisi ikaamua: isipofanya kazi kabla ya meli ya Jumamosi, siku mbili tu baada ya mazishi, Elieza airudishe Mwanza, na nafasi ile ya kazi ifutwe. Ile ya taipu Bukoba ilikuwa imeshafutwa kompyuta ilipoingia.

Na kwenye kikao cha ukoo, kabla hata jeneza halijafungwa, Kagaruki alishatoa hoja yake. Mjane mwenye mshahara atalea watoto, basi abaki. Asiye na mshahara arudi kwao Maruku, watoto na kibanja vibaki kwa ukoo. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Kwa hiyo mashine ile ikipanda meli, Kokushubila angewaacha wanawe wawili, Kokwijuka na mdogo wake, pamoja na nyumba yake.

Pale mlangoni Kagaruki alikuwa bado ameziba njia. Ndipo mama mkwe, Ma Kokuhirwa, ambaye Buberwa alikuwa mwanawe wa tatu kuzikwa, akasema bila kuinua macho, "Mpisheni. Matanga nitamkalia mimi. Nimeshazoea."

Kagaruki akapisha. Kokushubila akadandia lori la ndizi hadi Bukoba.

Sasa tuvumiliane kidogo, nikupe habari za kazi yenyewe. Programu kubwa haiandikwi kwa mkupuo. Inaandikwa vipande vipande, na kila kipande kina mapengo: hapa nitamwita fulani, pale nitachukua hesabu kwa fulani, ila sijui anakaa wapi. Kiunganishi ni programu nyingine ambayo kazi yake ni kuvikusanya vipande hivyo, kukipa kila kimoja mahali pa kukaa, kisha kuziba mapengo kwa anwani za kweli. Kompyuta ya Bukoba na ile ya Muleba zilikuwa za koo mbili. Hata namba kubwa, moja iliihifadhi kuanzia kichwani na nyingine kuanzia mkiani. Walihitaji kiunganishi kinachoishi Bukoba lakini kinachoitumikia Muleba. Ilibidi wakijenge wenyewe kutoka kwenye disketi za Elieza, na kabla ya kujenga unakitajia mambo hayo mawili: kitaishi wapi, kitamtumikia nani.

Mara ya kwanza Kokushubila alitaja la kwanza akasahau la pili. Kiunganishi, kwa kukosa maelekezo, kikajiona ni cha hapo hapo Bukoba. Kilipoletewa vipande vya Muleba kikasema hakivitambui. Kosa hilo alikuja kuling'amua akiwa nyumbani anamwosha Buberwa mgongo, siku za mwisho za ugonjwa wake, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Elieza alipomwona mlangoni alianza kumpa pole. Kokushubila akamwambia pole ameshapokea za kutosha, awashe mashine. Akataja Muleba mahali panapotakiwa, akaamuru ujenzi uanze. Ukaisha upesi mno. Wakajaribu. Kikakataa vile vile.

Elieza akalaumu disketi. Kokushubila akarudi kusoma kioo taratibu, mstari kwa mstari, na karibu kila mstari ulisema kipande hiki kiko tayari, na hiki kiko tayari. Akacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba uanze. Tayari vipi? Vilikuwa vya ujenzi ule wa kwanza, vilivyopikwa kwa maelekezo mabovu. Mashine ilivikuta vimekaa, ikavipita. Alikuwa ametoka kwenye nyumba ambayo ufagio umefichwa, na mkono wake ukaifuata desturi hiyo hadi ofisini: haukugusa mabaki.

"Nafuta vyote," akasema.

"Mama Kokwijuka, ukifuta tunaanza sifuri. Umeme ukikatika hatutakuwa hata na hicho kibovu."

"Kibovu cha nini? Mimi nimefagia, Elieza. Msiba wangu uko Izigo, haupo hapa."

Ujenzi ukaenda mchana kutwa. Taa zilififia mara moja, Elieza akashika kichwa, zikarudi. Jua lilipoelekea kuzama kiunganishi kipya kikapewa vipande vya Muleba, kikavimeza bila neno, kikatoa programu nzima kwenye disketi.

Kesho yake walikuwa Muleba. Programu ikawaka, ikauliza jina la mtoto wa kwanza. Kokushubila akaandika la binti yake, Kokwijuka. Baba: amefariki. Mama: yupo. Elieza akasoma, akaenda kutafuta gari la kumrudisha bandarini mikono mitupu.

Jioni, aliporudi Izigo, Kokushubila akawaeleza wazee kwamba mashine imebaki, na Jumatatu ijayo anaanza kazi Muleba. Mzee Ndyamukama, mkubwa wa ukoo, akasema neno la kikao ni neno, mjane abaki. Kagaruki akatoa la moyoni.

"Sawa. Lakini wewe mwenyewe unajua. Utaishi mpaka lini?"

"Mpaka nife, shemeji, kama wewe. Na nitafia humu humu, wanangu wakiniona. Sasa sogea, napita kwangu."