Siku Niliyomfasiria Jirani

Mimi na jirani yangu wa ghorofa ya kumi na moja sote tulitoka Tanga, tukafikia jengo moja hapa mtaa wa Dixon, ughaibuni kwenye baridi, tukajaliwa watoto wa kiume wa rika moja. Tulipowapeleka uwanja wa barafu kujifunza mpira wa magongo mara ya kwanza walikuwa na miaka saba, wamevaa kofia ngumu za kuazima, wanaanguka kila hatua. Tulicheka hadi machozi. Miaka minane baadaye kocha akamtoa wangu kwenye timu, wake akabaki, na tangu hapo mimi sikucheka tena uwanjani.

Niseme kweli: nilimwonea wivu. Kijiba cha roho hasa. Niliendelea kwenda kutazama mechi, watu wakinisifu kwa moyo wangu mzuri, kumbe naenda kutafuta kasoro. Nilizipata. Nilijua kwamba hatua tatu za kwanza za mwanawe ni nzito, na kwamba akigongwa ukutani mara mbili, ya tatu anaikwepa kona. Nilijua pia yale ambayo sikutaka kuyajua. Huyu huinua kichwa kabla kile kisahani cheusi wanachokipiga kwa magongo hakijamfikia, keshajua atampa nani. Timu yake ikipokonywa, yeye mshambuliaji ndiye wa kwanza kurudi nyuma kukaba. Mwanangu alikuwa na mbio kumshinda, lakini kurudi alikuwa harudi.

Mwana wa jirani alipokaribia miaka kumi na minane, umri ambao timu kubwa huchagua vijana, akaja mtu wa kutazama vipaji. Mechi alikwisha kuziona. Sasa alitaka kuzungumza na mama mtu nyumbani, maana hao wakishamaliza kupima miguu hugeukia tabia: kijana ana bidii, akishindwa anafanyaje, nani anamsukuma. Jirani yangu Kiingereza chake kilikuwa cha salamu na cha jikoni anakofanya kazi. Akanigongea mlango.

"Shoga, njoo unifasirie. Nimwachie mtoto ajisemee mwenyewe? Si aibu hiyo?"

Nikaenda. Kijana alikuwa amekaa pembeni kwenye zulia, mikono magotini, kimya. Mgeni akafungua daftari, akauliza la kwanza: mwanao ni mtu wa namna gani, anajituma?

Jirani yangu akamtazama mgeni, akalitazama daftari, akabetua mdomo. "Huyu? Mvivu wa kutupwa. Kikombe chake mwenyewe hawezi kukiosha. Huko anakwenda kucheza tu, hana lolote."

Mtu yeyote wa kwetu angeelewa. Mama hamsifu mwanawe mbele ya mgeni, tena mgeni aliyekuja kumpima. Ukimsifu unamwitia kijicho, kwa hiyo kadiri anavyong'ara ndivyo unavyompaka masizi. Mwanamke huyo alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, anampeleka mazoezini kwa mabasi mawili, na kijana hakuwahi kuamshwa mara mbili.

Nikafasiri. Mvivu wa kutupwa. Kikombe hawezi kukiosha. Hana lolote. Neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza. Sentensi iliyobaki, ya kumweleza kwamba kwetu hivyo ndivyo mama anavyomkinga mtoto, ilikuwa tayari mdomoni. Nikaimeza pamoja na chai. Yule mtu akaandika, kisha akapiga mstari chini ya alichoandika. Nilisikia raha moyoni, na raha hiyo ndiyo inayonitia haya hadi leo kuliko kosa lenyewe.

Mgeni alipoondoka jirani yangu alinishika mkono. "Ahsante, shoga. Umeona nilivyomponda? Macho ya watu hayaaminiki."

Nikamwambia amefanya vizuri.

Siku ya kuchagua vijana ikapita bila jina lake kutajwa. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Sijui kama ni mimi. Zile hatua tatu nzito zilikuwepo, kila mwenye macho aliziona, nami nimezishikilia hizo miaka yote. Mama yake alilia hadi akaugua, na mimi ndiye niliyempelekea uji, nikimwambia ni majaliwa. Aliunywa akanishukuru.

Sasa yule kijana ni mtu mzima, anafundisha watoto wadogo kuteleza kwenye uwanja uleule. Jioni moja alinikuta kwenye lifti na mifuko yangu ya sokoni, akaichukua yote hadi mlangoni kwangu. Watoto wa jengo letu Kiswahili wanakielewa, ila wanakujibu kwa Kiingereza, na yeye ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Nilikuwa nimezoea kumsemesha huku naye akinijibu kwa lugha yake, wala hakuna aliyeona ajabu. Siku hiyo akaitua mifuko, akasema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno:

"Anti, siku ile ya mgeni mimi nilikuwa naelewa. Nilinyamaza kwa sababu wakubwa walikuwa wanaongea. Nilikuwa nangoja umalizie."

Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mlango wangu bado unakwama, akaniaga, akashuka kwa ngazi. Mimi nikabaki pale natafuta ufunguo ndani ya mkoba, na ufunguo nilikuwa nao mkononi.