Treni Isiyosimama Kwao

Agneta wa Changamwe, mshonaji wa kiwandani, alizoea kwenda kwao kwa treni ya zamani. Ilikuwa nzito na kuchelewa ndiyo tabia yake, lakini ilisimama kwenye kistesheni kidogo upande wa Voi, na mamake alikuwa akija mpaka dirishani kumpokea mzigo. Kisha treni ile ikaondolewa, ikaja ya mwendo kasi, na kistesheni kikafungwa.

Mwezi uliopita kiwanda kilimtuma Agneta Nairobi. Akampigia mamake simu. "Mama, kesho asubuhi nitapita hapo. Simama karibu na ua wa reli tuonane."

"Nitakuja, mwanangu," mama alisema, ingawa magoti yalikuwa yakimsumbua.

Treni ilipokaribia kwao, Agneta aliinuka akabandika uso kwenye kioo. Kilima cha kwao kikatokea, kikapita. Aliona leso nyekundu ikipepea, au labda alidhania tu.

Akamgeukia mhudumu aliyekuwa akisukuma toroli la chai. "Kaka, kwani hapa haiwezi kusimama hata kidogo?"

"Hii haisimami popote hadi Nairobi, dada. Ni ya haraka."

"Haraka ya nani?" Agneta aliuliza, lakini mhudumu alishasogea viti vya mbele.

Simu ikalia. "Nimeona madirisha tu," mamake alisema. "Sasa viazi nilivyokuchemshia nimpe nani?"

Agneta alivuta pazia, akakaa na hasira zake mpaka Nairobi.