Jina Nililoiambia Kompyuta Ilitupe

Nilikuwa nimetia sahihi karatasi kwamba sitamtajia mtu yeyote jina la niliyemhoji. Je, ahadi hiyo inamlinda hata aliyekwisha kuzikwa? Swali hilo lilininyima usingizi usiku kucha. Usicheke. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mengi yake mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote.

Kwanza ujue kazi niliyokuwa nikifanya. Baada ya chuo nilikaa nyumbani mtaani Kawangware, sehemu iitwayo Kongo, karibu mwaka mzima, mpaka mtafiti mmoja akanipa mkataba mfupi: nihoji watu wa Kibera kuhusu maji, niandike mahojiano yote, kisha nijifunze kuyachambua kwa kompyuta. Nilijifunza kwa video na kwa kukosea. Kompyuta haisomi kama mimi na wewe. Inahesabu. Kabla haijahesabu, unaipa orodha ya maneno ya kutupa, yale madogo yanayojaa kila mahali: na, ya, kwa, ni, yaani. Yanayobaki ndiyo yanayoonyesha watu wanazungumzia nini. Mimi, kwa uoga wangu, niliongeza kwenye orodha hiyo majina ya watu wote, yasije yakaponyoka yakaingia kwenye ripoti.

Mtu wa kumi na saba alikuwa mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika kijiji cha Kisumu Ndogo humo Kibera. Nilimkuta saa nane mchana, meza yake ikiwa mwisho wa mstari, mbele ya mlango wa bluu uliofungwa. Sijauliza lolote akasema, "Andika jina langu kwanza."

Nikamweleza kwamba hatuandiki majina, yeye atakuwa namba kumi na saba.

"Kumi na saba?" Akacheka. "Mtoto wangu, hata mbuzi wa kwetu ana jina."

Akalitaja hata hivyo, majina mawili, polepole, simu yangu ikirekodi. Tuliongea karibu saa nzima na hakuna mteja aliyesimama. Tena kuna jambo nililiona nisiliwaze, mimi ninayewaza kila kitu: juu ya ile omena hapakuwa na nzi hata mmoja. Wewe umewahi kuona omena isiyo na nzi saa nane mchana?

Nikaandika maneno yake kutoka daftarini mwangu, kama ya wengine. Wiki iliyofuata nikaendesha programu. Ya wengine yalijipanga vizuri: mitungi, foleni, mifereji. Namba kumi na saba ilikuwa na neno moja tu, jina lake, mara tatu. Nikakagua orodha ya kutupa. Jina limo. Nikaendesha tena: mara saba. Tena: mara kumi na mbili. Niamini, nilipitia kila mstari wa programu, nikazima kompyuta, nikawasha. Mwishowe nikafungua ile rekodi. Sauti yangu inauliza. Kisha kimya, kirefu kama jibu. Kisha sauti yangu tena: "Ehe, na maji mnachota wapi?" Kisha kimya.

Nikamwandikia mtafiti kwamba maandishi ya kumi na saba hayaeleweki. Akajibu: "Yaondoe. Nataka ripoti Jumatatu."

Sikuyaondoa. Nilienda Kisumu Ndogo. Meza haikuwepo. Mlango wa bluu ulikuwa wazi, na ndani mtoto mchanga analia kile kilio kikavu cha mtoto aliyechoka kulia. Akatoka naye msichana wa rika langu, Brenda. Nikamuulizia mama wa omena.

"Anti ya bwanangu? Huyo tulizika kabla ya Pasaka, siz. Ulikuwa kastoma?"

Mimi nilimhoji baada ya Pasaka. Nikauliza mtoto ana nini.

"Kliniki wanasema yuko sawa tu. Lakini tangu jana hataki kunyonya, tunampea maji ya glukosi na kijiko. Mathe, mamake bwanangu, anasema ni jina. Tumeita babu, tumeita nyanya, tumeita mpaka mjomba wa bangi. Wapi."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu Magharibi mwa nchi ni hivyo, na kwa Wajaluo ni hivyo: aliyekufa huomba jina lake kwa kilio cha mtoto mchanga. Jamaa huita jina moja baada ya jingine, na likiitwa lenyewe, mtoto hutulia.

"Na huyo anti, mmemwita?"

"Hakuzaa. Mathe anasema asiye na mtoto harudi. Na sisi tulikuwa tunamwita Anti tu, jina la kwao mimi hata silijui."

Mimi nililijua. Nikaaga, nikaondoka. Ndiyo, niliondoka. Nilihofia karatasi niliyotia sahihi, nikahofia mkataba, nikahofia kuitwa mchawi. Usiku nikamwaza yule mtoto na kijiko chake. Kulipokucha nikaendesha programu mara ya mwisho. Jina lilijaza ukurasa wote, juu mpaka chini, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo.

Nilirudi kwa miguu mpaka mlango wa bluu. Nikamwambia Brenda, "Nipe mtoto." Nikamnong'oneza yale majina mawili, polepole, kama nilivyoyasikia. Akanyamaza. Akageuza shingo, akanitazama kwa muda mrefu kuliko mtoto mchanga anavyoweza kutazama, kisha akatafuta titi la mama yake.

Siku hiyohiyo nikamwandikia mtafiti kwamba nimetaja jina la niliyemhoji. Mkataba ukaisha hapo. Faili ya kumi na saba ina maswali yangu peke yake.

Mtoto sasa anatambaa. Brenda ameirudisha meza ya omena, na mtoto hushinda chini yake. Ananiambia kwa fahari kwamba biashara yake haina nzi. Mimi hununua, lakini kula sijaweza.

Nawe ukijifunza kazi hii, soma orodha yako ya kutupa kwa sauti kabla ya kubonyeza. Ukisikia mtu ameitika, simama hapohapo. Na lile jina usiniulize. Lina mwenyewe.