Ukigonga kwa Jiwe, Utasikia Jiwe

Siku moja ya gulio pale Miono haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na nikiifikiria bado mwili unanisisimka. Nilikuwa msichana ndio kwanza nimevunja ungo, mdomo mrefu, najiona najua kila kitu. Bibi yangu mzaa mama alinichukua tukanunue chungu cha kupikia uji wa mama, aliyekuwa ndani ya arobaini yake na mdogo wangu wa mwisho.

Wafinyanzi walikuwa wamepanga vyungu chini, juu ya majani makavu, vikubwa nyuma na vidogo mbele. Bibi akasalimia. Akaulizia watoto, akaulizia shamba, akaulizia mvua, maana kwetu mtu hagusi chungu cha mtu salamu hazijaisha. Mimi nikamwona anachelewesha mambo. Nikaokota kijiwe, nikaanza kuvigonga vile vyungu kimoja kimoja, ko, ko, ko, najifanya mjuzi. Mfinyanzi akacheka. Bibi hakucheka. Alininyang'anya kile kijiwe akakitupa kule, akasema, "Ukigonga kwa jiwe, utasikia jiwe. Chungu chenyewe utakisikia saa ngapi?"

Kisha akakunja kidole, akagonga chungu cha kwanza kwa kifundo, taratibu, kiasi kwamba mtu wa pembeni asingesikia. Akainamisha sikio. Akagonga cha pili, kwa kidole kile kile na kwa nguvu ile ile. Cha tatu alikigonga, akakirudisha chini. "Hiki kina ufa," akasema.

Nilikikodolea macho, sikuona kitu. Mfinyanzi akakigeuza juani, akakizungusha, akapitisha kidole ndani na nje, naye hakuona kitu. Basi akakitia maji, tukasubiri. Maji yakaja kutokeza chini polepole, mstari mwembamba kama uzi, mahali ambapo hapakuwa na alama yoyote. Mfinyanzi akacheka tena, akakiweka kando. "Hiki changu cha nyumbani," akasema. "Mfinyanzi hulia gaeni."

Nilishangaa, mwanangu, na mshangao wenyewe sijaumaliza. Sikio la bibi kizee lilikuta kitu ambacho macho manne na jua la mchana havikukiona. Nikamtazama bibi yangu siku ile kama mtu niliyeonyeshwa kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nalala naye kitanda kimoja.

Sasa najua unajiuliza, huyu Bi Mwajuma ameanza lini kuuza vyungu. Umekuja kwangu iafoni zako, hizi spika za masikioni, zimekufa upande mmoja, mfukoni mna pesa ya kubana, unataka nikwambie ununue zipi, mimi nakupeleka gulioni Miono. Tulia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mume wangu, Mzee Selemani, unamjua. Presha ya macho ilimfunga macho yote mawili, na ni miaka mingi sasa hapa Kerege anaishi kwa masikio. Anamjua jirani kwa mwendo wake kabla hajabisha hodi. Anajua maziwa yanataka kufura kabla mimi niliye jikoni sijajua, na ananiita kwa dharau kabisa, "Mwajuma, maziwa." Mtu kama huyo masikio yake si ya kuchezea.

Katika simu yake ana kitu kimoja anachokipenda kuliko vyote. Ni azana ya alfajiri, ya marehemu baba yake, aliyekuwa mwadhini wa msikiti mdogo kule Miono, enzi ambazo msikiti ule haukuwa na kipaza sauti. Selemani alikuwa kijana. Aliazima radio ya kaseti, akaamka usiku usiku, akasimama nje ya msikiti akaikumbatia radio kifuani, akairekodi ile sauti. Miaka ikapita, mzee akafariki, kanda ikabaki. Baadaye fundi mmoja wa Bagamoyo akaihamishia kwenye simu. Anaisikiliza kila siku ya Mungu. Mimi nami nimeisikia kupitia kwake mpaka najua mwadhini anavuta pumzi wapi.

Na huyo baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkali. Mtu wa ibada, lakini mkali. Mzee Selemani hupenda kusema, "Baba hakuwahi kuniita mwanangu. Aliniita we Selemani, basi." Husema huku anacheka. Watu nao hucheka. Mimi niliyekaa naye umri huu wote najua kicheko hicho kinatoka wapi, kwa hiyo sichekagi.

Iafoni zake za zamani zilikatika waya kwa ndani, pale karibu na pini ya kuchomekea kwenye simu. Jirani mmoja, kwa wema wake, akamletea nyingine za barabarani. Zile, mwanangu, zilikuwa balaa. Upande mmoja unasikika, mwingine unanong'ona, na mipira yake migumu haikai sikioni. Basi Mzee akawa anapandisha sauti ili aisikie azana. Leo anapandisha, kesho anapandisha, mpaka nami niliyekaa ukumbini naisikia. Usiku akaanza kulalamika kwamba kuna nyenje ndani ya kichwa. Nikampeleka hospitali, daktari akamchungulia, akaniita pembeni. "Mama, masikio ya mzee bado yapo," akaniambia, "lakini akiendelea na sauti hii yatakwisha, na yakiisha hayarudi."

Nilirudi nyumbani nawaza. Macho yameshakwenda. Masikio nayo yakienda, huyu mtu atabaki na nani mle ndani? Nikiingia chumbani atajuaje kwamba ni mimi? Nilimwomba aache kusikiliza kabisa. Akasema, "Unaninyima baba yangu."

Nikauza jogoo wangu yule mwekundu, nikaenda Bagamoyo kwenye duka la simu.

Kijana wa dukani ana adabu zake. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Tukasalimiana vizuri, sikuruka hatua. Nikamweleza shida yangu. Akanitolea boksi la kung'aa, limechorwa moto, bei yake si ya jogoo, ni ya mbuzi. Akaniambia hizi zina besi ya hatari. Akazichomeka kwenye simu yake, akaweka muziki wake, akafungulia mpaka mwisho, akanipachika. Kifua kikatikisika, meno yakatikisika, nikahisi hata kanga imetikisika.

"Umezisikia, bibi?"

"Nimeusikia muziki wako," nikamwambia. "Iafoni bado."

Na hapo, mwanangu, nilisikia mkono wa bibi yangu ukininyang'anya kijiwe, pale pale dukani.

Nikatoa simu ya Mzee. Nikamwomba kijana ruhusa nijaribu kwa kitu changu, akakubali. Nikamwomba na kiti cha ndani, mbali na kelele za barabarani, akanipa. Nikapunguza sauti mpaka karibu na chini kabisa, nikaweka ile azana. Hicho ndicho kifundo changu cha kidole. Naijua. Ikibadilika, kilichobadilika ni iafoni, si azana.

Zile za mbuzi zikamfanya mwadhini asikike kama anaadhini ndani ya pipa. Debe tupu haliachi kuvuma. Nikazirudisha. Za pili zikawa kali, kila herufi ya sini inakwaruza kama samaki anakaangwa, na waya ulipotikisika upande wa kushoto ukakatika na kurudi. Nikazirudisha. Kijana akaanza kuchoka, naona anatazama wateja wengine, nami nikajifanya sioni. Uzee una faida zake.

Akanitolea za tatu, kwenye kimfuko cha nailoni tu, hazina mchoro wala jina la kujisifu. Bei ya jogoo, na chenji ya sukari inabaki. Ndani ya kimfuko mlikuwa na mipira ya ukubwa tofauti. Nilijaribu wa kati ukalegea, nikaweka mdogo, laini, ukaingia ukatulia. Na hapo dunia ya nje ikanyamaza. Bodaboda zikanyamaza. Nikabonyeza.

Subhanallah, mwanangu. Mimi nilikuwa najua kwamba kabla ya azana ile hakuna kitu, ni kelele za kanda tu. Sasa nikasikia jogoo, mbali sana, jogoo wa Miono aliyeliwa kabla wewe hujazaliwa. Nikasikia changarawe chini ya makubazi ya mtu anayetembea. Mtu akakohoa. Kisha nikaisikia sauti ya baba mkwe wangu, haiadhini, inaongea, chini chini, maneno machache tu. Halafu kimya, halafu Allahu Akbar.

Nilishika meza. Nilirudisha nyuma, nikasikiliza tena, yakawa ni yale yale. Kijana akaniuliza, "Bibi, kuna tatizo?" Nikamwambia hapana, nifungie hizi. Nikazikunjakunja waya pale kwenye pini nione kama zitakata, hazikukata. Nikasikiliza kushoto peke yake, kulia peke yake, zikawa sawa. Tukakubaliana zikizima ndani ya wiki nizirudishe. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuzinunua tangu yule jogoo alipowika.

Maneno yenyewe sikumwambia mtu njiani. Nawe ngoja kidogo. Amana hufika kwanza kwa mwenyewe.

Nilimkuta Mzee barazani, ameshaswali alasiri, tasbihi mkononi. Nikampachika mipira mwenyewe, nikawa natafuta sikio lake linataka mpira upi, akalalamika kwamba namtekenya. Nikabonyeza.

"Mbona umepunguza sana?"

"Sikiliza."

Tasbihi ikasimama. Uso wake ukageuka upande wa barabara, kama vile mtu ameitwa kutoka huko. Azana ikaanza, nikaisikia kidogo tu kwa kuwa nilikuwa karibu, lakini yeye hakuwa anaisikiliza azana. Kabla haijafika katikati akaniomba nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Akaniomba tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, nami sikumfuta.

"Mwajuma, umeisikia hii?"

"Nimeisikia dukani."

"Amesema nini?"

"Sema wewe."

Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake, "Amesema, 'Rudi ukalale, mwanangu, umande utakudhuru.'"

Mzee ana umri wa kuitwa babu na mtaa mzima, na alilitamka neno lile kama mtoto anayeonja asali. Akaniambia anaikumbuka baridi ya alfajiri ile, anaikumbuka radio ilivyokuwa nzito kifuani, lakini kauli ile haikumwingia kabisa, alikuwa na wasiwasi wa mashine. Baba alimwambia, na yeye hakusikia. Miaka yote hiyo neno lake lilikuwa mle ndani, linasubiri mtu apunguze sauti. Mimi bado nashangaa. Nikiamka usiku nashangaa. Mwenyezi Mungu ameumba sikio dogo namna hii, akaweka na huruma ya baba ndani ya uzi wa kanda, na mlango wa kuifikia ukawa kimpira kisichozidi punje ya hindi.

Sauti sasa haipandi tena. Hata nikimwambia aongeze kidogo, anakataa. Nyenje kichwani wamepungua, daktari amefurahi, na mimi nikiingia chumbani ninaitwa jina langu kabla sijafungua mdomo.

Basi shika haya, mwanangu. Usinunue iafoni kwa macho. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usizipime kwa muziki wa muuzaji, wala kwa sauti ya mwisho, maana utasikia jiwe. Nenda na kitu unachokijua kwa moyo, kisomo au wimbo au hata sauti ya mama yako uliyoirekodi, ukisikilize kwa chini, mahali penye utulivu, kwa kipimo kile kile kwa kila moja. Jaribu mipira mpaka mmoja ukae, kwa sababu usipokaa utapandisha sauti, na ukipandisha sauti unajila mwenyewe. Kunja waya pale kwenye pini. Sikiliza kushoto, sikiliza kulia. Usione haya kumchosha muuzaji kwa adabu, pesa yako ni jasho lako. Na ukipata kinachonong'ona ukaelewa, kichukue, hata kama kimefungwa kwenye nailoni.

Na huko nyumbani, ambako hakuna iafoni, fanya hivyo hivyo. Wazazi wako nao huenda wamekwisha kukwambia jambo kwa chini, wewe ukiwa umeshika mashine.

Mola akulindie masikio yako mpaka uzee, akujaalie pesa ndogo yenye baraka, na asikufiche neno jema lililosemwa juu yako. Amina. Nimekuita mwanangu mara nyingi leo, nimefanya makusudi. Sitaki uje kulitafuta kwenye kanda.